Mbegu za Kitunga cha Mama

Kwa miaka mitatu mama yangu mzazi alikataa kukanyaga ndani ya duka langu. Akishuka Bukavu kutoka kwetu Walungu, kwa misa ya sikukuu au kuwaona wajukuu, alikuja mpaka mlangoni, akaomba kiti, akakiweka nje barazani na kukaa hapo na mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri gari. Nikimwambia aingie anywe chai, anasema ndani kuna joto. Bukavu yetu hii, ambako mwezi wa saba watu wanaamkia sweta, eti kuna joto.

Duka lenyewe liko kwenye mteremko, si mbali na soko la Kadutu, na ninasema bila haya kwamba ni duka zuri. Mimi ni mtu wa kujivuna, sifichi. Mume wangu hunitania kwamba hata nikienda kuungama, naungama kwa majivuno. Tunauza mbegu za mahindi, kabichi, vitunguu na lengalenga, yaani mchicha, lakini kinachotuletea watu ni maharage. Wanapanda mlima kutoka Sange na Luvungi, kule bondeni kwenye jua kali. Wanatoka Bunyakiri, kule msituni kwenye mvua isiyojua kupumzika. Wanafika wamechoka, wanaweka mizigo chini, wanasema wametumwa na jirani. Nikisikia hivyo kichwa kinavimba, na sijaribu kukizuia.

Ila safari ya kufika hapa ilikuwa na aibu ndani yake, na aibu hiyo niliileta mwenyewe.

Nimekulia shambani. Nilishika jembe kabla sijashika kalamu, na bado naweza kumwambia mtu udongo wake una nini kwa kuusugua tu vidoleni. Kwetu mlimani, mbegu ilikuwa jambo la wanawake na haikuuzwa. Mwanamke aliyeishiwa mbegu alichukua kitunga kitupu, akakifunika kwa kitenge ili wapita njia wasione, akaenda kwa mwenzake. Hakuulizwa maswali. Alijaziwa kitunga, na baada ya mavuno alikirudisha kimejaa zaidi. Kumuuzia jirani mbegu ilikuwa sawa na kumuuzia kaa la moto la kuwashia jiko lake. Hakuna aliyefanya hivyo na kubaki na jina.

Kitunga cha mama kilikaa kwenye dari la jikoni, juu ya moshi, maharage yake yamechanganywa na majivu. Mlikuwa na ya kila rangi: manjano, mekundu, meupe, ya kijivu, ya zambarau yenye michirizi. Na katikati ya hayo yote mlikuwa na meusi madogo, yenye nukta nyeupe pembeni. Sisi watoto tuliyaita macho ya panya. Hayo meusi mama alipewa na mama yake siku alipoolewa, na hakuna mwanamke mwingine mlimani aliyeyatunza kama yeye.

Nilipoolewa mimi, nyimbo zikiwa zimekwisha na watu wakitafuta viatu vyao, mama alinikabidhi kitunga kidogo kilichofunikwa kitenge kipya. Alikuwa amegawa mbegu yake nusu kwa nusu. Kaka yangu mkubwa, yule aliyebaki na shamba la baba, alikibeba begani mpaka mjini. Mashemeji zangu wa Bukavu walicheka sana: bibi harusi wa kuishi kwenye nyumba ya sementi analetewa maharage! Nilicheka nao, kwa nje. Ndani nilikuwa nimekasirika, nikajiambia watakuja kuona.

Mume wangu ni mwalimu, na maisha ya mwalimu kwetu kila mtu anayajua. Nilitaka kazi ya mikono yangu. Nikiwa nazunguka sokoni Kadutu niliona wanawake wakinunua maharage ya kupika ili waende kupanda, maharage yaliyolala ghalani hata mwenye kuyauza hajui tangu lini. Nilichukua machache, nikayafunga kwenye kitambaa chenye maji. Baada ya siku nne, mengi yalikuwa hayajaamka. Hasira ikanipanda. Mtu anapanda mlima na mtoto mgongoni, analima, anapanda vitu vilivyokufa! Hapo ndipo nilipoamua kufungua duka la mbegu zinazoota.

Kaka alipanda kitunga changu chote kwenye kipande kizuri cha shamba letu, na msimu ulipokwisha tulikuwa na magunia yaliyojaa. Nilipanda Walungu kumpasha mama habari njema ya duka. Alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua kichwa.

“We mutoto, ulikosa kazi gani mupaka uuzishe mbegu?”

“Mama, mujini hakuna jirani wa kupatia mutu mbegu. Batu banapanda chakula.”

“Basi ubapatie.”

“Nyumba ya duka nitailipa na nini? Na kitunga?”

Akaendelea na mihogo yake. Tangu siku hiyo, kila alipokuja mjini, aliketi nje.

Sasa nieleze ujinga wangu. Nilikuwa nimeona pakiti za mbegu za kabichi zinazotoka ng’ambo, kila moja na picha yake, kila punje sawa na mwenzake. Nikajiambia mbegu ya kisasa ni hiyo, iliyo safi, ya rangi moja. Na watu wa mjini wanapenda maharage ya manjano matupu, sufuria inapendeza. Kwa hiyo niliketi na mume wangu na watoto juu ya mkeka, alasiri baada ya alasiri, tukatenganisha kile ambacho mama na mama yake walikuwa wamekichanganya maisha yao yote. Manjano huku, mekundu huku, meupe huku. Mume wangu aliandika etiketi kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Tulipomaliza kupanga kwenye rafu nilirudi nyuma mpaka barabarani ili nitazame. Lilikuwa linang’aa kama duka la dawa. Kusema kweli, nilijipigia makofi.

Yakabaki macho ya panya. Ni madogo, yanatia mchuzi weusi, nani angeyanunua? Niliyaweka kwenye kopo karibu na mizani, na kila aliyenunua nilimtilia konzi moja ya nyongeza, ile tunayoita matabishi. Watu walipokea, maana matabishi hayakataliwi. Baada ya wiki chache kopo lilikuwa tupu. Nikaliosha, nikalitumia kuwekea kalamu.

Msimu huohuo mvua ya mawe iliangukia mlima wetu, maharage yakiwa kwenye maua. Mama alikuwa amepanda nusu yake yote. Haikubaki hata mbegu ya kuanzia. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: alimtuma kaka kwangu na kitunga kitupu, kimefunikwa.

Kaka alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilifurahi vibaya sana. Mama yangu, asiyetaka duka langu, ameomba mbegu dukani kwangu! Nilikijaza kitunga pakiti zangu, nikazipanga kwa rangi, etiketi zikitazama juu ili azione vizuri. Baada ya siku mbili kaka alirudi, na pakiti zote zimo, hakuna hata moja iliyofunguliwa zaidi ya pembeni.

“Maman anasema hii iko chakula,” kaka alisema. “Haiko mbegu.”

Nilipandisha sauti. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watu wa zamani na wivu wao na jinsi wasivyotaka mtoto wao aende mbele. Kaka alisimama akanywa maji yake mpaka nikamaliza. Kisha akaweka kikombe chini.

“Dada, alitafuta ile nyeusi ya bibi. Alitafuta mupaka chini ya kitunga. Iko wapi?”

Nilitazama lile kopo la kalamu.

Hata hivyo kiburi changu kilikuwa bado hakijavunjika, kilikuwa kimepinda tu. Kilichokivunja ni mama mmoja wa Bunyakiri. Aliingia saa sita mchana, duka limejaa, akapasua katikati ya wateja na kuweka kitu juu ya meza yangu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Alipokifungua, harufu ilitupiga sote. Ilikuwa miche ya maharage, imeoza na kugeuka uji.

“Maman wa duka, angalia mbegu yako.”

“Iliota?”

“Iliota yote, muzuri sana, moja haikukosa! Kisha mvua ikanyesha, yote ikaoza siku moja. Yote! Juu ya nini uliniuzishia rangi moja? Nani kwenu alikufundisha kulima vile?”

Wateja waliangalia viatu vyao. Mwingine alirudisha pakiti kwenye rafu polepole, kana kwamba nisingemwona.

Nani kwetu alinifundisha kulima vile? Hakuna. Kwetu nilifundishwa kinyume chake, na nilikijua tangu utoto bila kuambiwa. Manjano hukomaa upesi lakini hayawezi maji mengi. Mekundu huvumilia. Ya michirizi hungojea hata jua likiwa kali. Mwaka wa mvua yanakufa haya yanabaki yale, mwaka wa jua yanakufa yale yanabaki haya, na nyumbani kwetu, katika miaka yangu yote ya utoto, hatukuwahi kulala njaa kwa sababu ya maharage. Kitunga cha mama kilikuwa kimepangwa. Mimi, mtoto wa shamba, nilikipangua kwa ajili ya rafu.

Niliona haya mbele ya yule mama kuliko nilivyowahi kuona haya maishani. Nilishusha pakiti za kila rangi, nikazipasua mbele yake, nikachanganya zote kwenye kitunga na kumpa, bila mizani. Alichukua. Hakuaga.

Asubuhi iliyofuata nilifunga duka na kupanda Walungu. Mama alikuwa analima, mgongo umeinama, jembe halikusimama niliposalimu.

“Nilikosa, mama. Niliachanisha mbegu yako. Na ile nyeusi niligawa matabishi.”

“Ulikosa,” alisema, na kulima mistari miwili zaidi. Kisha akakaa juu ya mpini wa jembe na kunitazama. “Ile nyeusi, ulipatia nani?”

“Batu ba soko. Sibajue.”

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alianza kuhesabu kwa vidole. Mbegu iliyotolewa haisahauliwi kwetu, na mama alikumbuka kila kitunga alichojaza tangu ujana wake: muke wa fundi wa bati, alikuja kiangazi kile kirefu, mama wa mapacha, aliomba mara mbili, yule mjane wa ng’ambo ya kijito, mwenye mdomo, lakini alirudisha kimejaa. Alinitajia milima na njia za kufika. Hakuwa na daftari. Nikiwa na mume mwalimu na mwandiko wake wote, dukani kwangu sikuwa na nusu ya kumbukumbu hiyo.

Tulizunguka, mimi na kaka na mume wangu, shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu, mtoto wa mjini, aliteleza kwenye kila kijito cha Walungu na hakulalamika hata mara moja. Kwa hilo namvulia kofia mpaka leo. Kila mlango tulioufikia tulionyesha kitunga na kutaja jina la mama, na kila mahali tulipewa konzi. Mjane mwenye mdomo alitupa konzi mbili pamoja na hotuba kuhusu wasichana wanaoolewa mjini. Rangi zilirudi moja baada ya nyingine: ya kijivu kwa huyu, ya zambarau kwa yule. Meusi hakuna aliyekuwa nayo. Walikuwa wameyala au kuyapoteza, kwa kuwa walijua kwamba mama anayatunza.

Mama alimwaga tulichopata kwenye ungo, akakoroga kwa mkono, akatazama kwa muda mrefu.

“Iko muzuri. Haijatimia.”

Akaanza kazi. Hapo ndipo duka lilipokuwa duka la kweli, ingawa mimi nilikuwa nimelifungua kitambo. Kaka alizalisha mbegu kwenye mashamba yetu na ya majirani. Mama alichanganya. Mume wangu aliandika, safari hii si jina la rangi bali mahali: ya mlimani, ya msituni, ya bondeni. Mimi niliuza. Na mama aliweka sharti moja: kila anayenunua apewe konzi moja kwa mkono, ambayo haikupita kwenye mizani, na aambiwe kwamba akivuna arudishe konzi. Ile iliyopimwa, alisema, iko biashara yenu. Ile ya mkono njo mbegu, ndiyo mbegu yenyewe.

Msifikiri mama hakosei. Mchanganyiko wa kwanza aliowatengenezea watu wa Luvungi ulijaa maharage ya kupanda mitini, ambayo kwetu mlimani ndiyo fahari ya shamba. Kule bondeni watu walitafuta fito za kuyashikiza wakakosa, mimea ikatambaa chini ikachomwa na jua. Mama hakuwahi kushuka Luvungi maishani mwake. “Ni dunia gani haina miti?” aliuliza, amekasirika kweli, kana kwamba Luvungi ndiyo iliyokosea. Tulicheka mpaka kaka akatoka nje. Lakini tangu siku hiyo, dukani kwangu hakuna anayegusa mizani kabla ya kumuuliza mteja swali moja: unalima wapi? Akijibu, tunamuuliza tena: juu au chini? Maji yanakaa au yanapita? Wengine wanakereka, wanasema wamekuja kununua, si kuhojiwa. Hao hao wanarudi na majirani zao.

Kitunga kikakaa juu ya meza kwa ajili ya konzi zinazorudishwa. Kilijaa, kikapelekwa kwa mama, kikarudi, kikajaa tena. Kila mara alimwaga kwenye ungo na kukoroga, akitafuta. Hakusema anatafuta nini. Akija mjini alikaa barazani kama kawaida yake, na mimi niliacha kumwambia aingie. Jambo hilo lilikuwa linaniuma, kila mara, hata siku ambazo duka lilijaa mpaka watu wakasimama nje karibu na kiti chake.

Siku moja, ndani ya mwaka wa tatu, ilikuwa Jumamosi, mume wangu ananisaidia dukani, na mama alikuwa hapo nje. Akaja mwanamke na kitunga kichwani, akampita mama kwa salamu, akaingia. Nilimtambua kabla hajakishusha. Ni yule wa Bunyakiri. Tangu siku ya jani la mgomba sikuwa nimemwona.

“Maman wa duka,” alisema, “nilikuya kurudisha.”

Akafunua kitenge. Ndani, mpaka juu ya ukingo, kulikuwa na macho ya panya.

“Ile siku ya kwanza nilinunua ile ya manjano, ulinitilia matabishi ya nyeusi. Mimi nilikasirika, nikasema huyu ananitupia takataka. Nikaitupa nyuma ya jiko. Mvua ile ile iliozesha yako ya bei, hii ya bure haikuigusa. Sasa iko na shamba yake, na jirani zangu beko nayo.”

Machozi yalikuwa yanatoka na sikuyafuta. Nilikibeba kitunga kwa mikono miwili mpaka nje nikakiweka kwenye magoti ya mama, juu ya mkoba wake.

Mama alichukua punje moja, akaigeuza mpaka akaona nukta nyeupe. Akaiweka kati ya meno na kuibana, kama alivyofanya sikuzote kujua kama imekauka. Kisha akamwangalia yule mwanamke aliyetufuata mlangoni.

“Kule kwenu munaiitaka jina gani?”

“Tunaiitaka Ya Bukavu, maman.”

Mama akacheka. Kicheko chake ni kikubwa, hakilingani na mwili wake, na watu wa barabarani waligeuka. Maharage ya mama yake, aliyoyaleta kwenye ndoa yake, kisha mtoto wake akayatupa, yana jina msituni, na jina hilo ni la mji wenye duka alilokataa kuingia.

Akasimama. Alimpa mume wangu mkoba, akashika kitunga mwenyewe, akapanda ile ngazi moja ya mlangoni na kuingia. Wateja walimpisha. Alipita nyuma ya meza kana kwamba alijua njia tangu zamani, akamimina macho ya panya kwenye kitunga cha konzi, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo na kukoroga, mara moja, mara mbili.

Mbele ya meza alikuwa amesimama msichana mmoja mgeni, kitenge kipya, bila shaka ameolewa juzi tu. Alimtazama mama, akatazama rafu, akauliza kwa woga kidogo kama ni kweli hapa tunauza mbegu.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

“Ndiyo, njo kazi yetu,” alisema. “Unalimaka wapi, mutoto wangu?”